Madokezo Yasiyochapishwa

Alama za kuuliza zilikuwa sitini na tatu. Cephas Obare alizihesabu moja moja kwenye kioo cha kompyuta, huku akinywa chai iliyokwisha kupoa. Kila mahali ambapo makala ya mkewe ilipaswa kutaja mwandishi na mwaka, palikaa alama ya kuuliza peke yake ndani ya mabano. Ungedhani Emmaculate ameandika kurasa ishirini na mbili bila kumsoma mtu yeyote duniani.

Ilikuwa saa nane mchana, Homa Bay. Makala ilitakiwa iwe imeingia kwenye tovuti ya jarida kabla ya saa kumi na moja jioni. Ikikosa, imekosa, jarida lingefunga mlango mpaka mwaka ujao, na ile nafasi ya kufundisha chuoni Migori, ambayo Emmaculate alikuwa ameisaka kwa miaka minne, ingekwenda kwa mtu mwenye makala mkononi. Mwenyewe alikuwa Migori tangu asubuhi, kupeleka vyeti vyake. Alipokuwa akitoka alimwachia mumewe kazi hiyo mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Baba Cate, hii kitu imenikataa tangu jana. Wewe ndiye daktari wake. Nakuachia."

Alikuwa daktari kweli. Katika chumba chake kimoja juu ya duka la vifaa vya ofisi la Abdishakur, wanafunzi wa shahada za juu walipanda ngazi wakiwa na macho mekundu na kushuka wakiimba. Mtu akileta tasnifu ambayo orodha yake ya marejeo imevurugika, majina yamekaa nyuma mbele, miaka imepotea, Cephas alikuwa akivuta kiti, akikunja mikono ya shati, na baada ya robo saa anakuonyesha koma moja iliyokuwa imejificha mstari wa mia nane. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Ukimsifu angekwambia ni kazi ndogo, halafu angesubiri umsifu tena.

Programu wanayotumia watu hao hupanga maandishi kwa namna yake. Makala huandikwa katika faili moja, na vitabu vyote vilivyosomwa huorodheshwa katika faili nyingine, kila kitabu na vijisehemu vyake: mwandishi, mwaka, jina, mchapishaji. Kila kijisehemu hufunguliwa na kufungwa kwa mabano, yale yenye kiuno. Ukifungua bano moja ukasahau kulifunga, programu humeza kila kitu kinachofuata, hukwama, na vitabu vyako vyote hugeuka alama za kuuliza. Cephas alijua kabla hata ya kuvuta kiti kwamba ugonjwa ndio huo. Kazi ilikuwa kulitafuta bano lenyewe.

Lakini kabla hajalipata lazima nikwambie kuhusu Maxwell Omosa, maana Cephas mwenyewe hakuwa na siku iliyopita bila kumfikiria. Omosa alikuwa mhadhiri chuoni Migori, na kwa miaka miwili yeye na Emmaculate walikuwa wakifanya utafiti pamoja kule visiwani, Mfangano na Remba, juu ya namna wanawake wanavyokausha omena, wale dagaa wa ziwani, wakati wa mvua. Mwanamume mrefu, msafi, mwenye sauti ya chini ambayo hukulazimisha usogee ili umsikie. Cephas alikuwa amemwona mara tatu tu, na mara zote tatu alirudi nyumbani akajitazama tumbo kwenye kioo. Mezani, Emmaculate alikuwa na mtindo wa kusema, "Omosa anasema." Omosa anasema bei ya kilo Remba imepanda. Omosa anasema sura ya pili ni nzito. Jumapili moja Cephas alihesabu Omosa tisa kati ya uji na chakula cha mchana. Alikaa nazo, akazichemsha moyoni wiki nzima.

Basi alifungua faili la vitabu, ambalo mkewe hakuwahi kumpa kabla ya siku hiyo, akaanza kushuka nalo.

Kwenye kitabu cha nne aliona kijisehemu ambacho watu wengi hawakijui. Ni mahali pa kuandika dokezo lako mwenyewe, la kujikumbusha, na programu hukiruka wakati wa kuchapa. Wateja wa Cephas hawakukitumia kamwe. Hapa kilikuwa kimejaa.

*Nyar Migori, huyu wa ukurasa wa 14 hajawahi kuona omena mbichi. Anaikausha kwa kalamu. M.*

Chini yake: *Nimecheka peke yangu mpaka Mama Fardowsa wa duka ameniuliza kama ni mgonjwa. E.*

Cephas aliweka kikombe chini.

Alielewa upesi jinsi ilivyokuwa, maana yeye ni mtu wa mafaili. Mtandao wa visiwani huja na kuondoka upendavyo. Mmoja akiwa Mfangano na mwingine Remba, simu hukatika katikati ya neno. Lakini faili walilokuwa wakilitumia pamoja lilikuwa likijituma lenyewe dakika mtandao ukirudi. Kwa hiyo Maxwell na Emmaculate, M na E, walikuwa wameanza kuandikiana humo, chini ya vitabu, mahali pasipochapishwa. Kwa miaka miwili mkewe alikuwa na chumba cha maongezi ndani ya kazi ambayo Cephas aliidhani anaijua kuliko mtu yeyote.

Na ile *nyar Migori*, binti wa Migori! Yeye ndiye aliyekuwa akimwita hivyo, zamani, alipokuwa akimfuata hadi stendi ya Migori kumsindikiza kwao. Tangu mtoto azaliwe alimwita Mama Cate kama watu wote. Hakuwahi kufikiri kwamba jina lile la kwanza lilibaki wazi, mtu mwingine apite aliokote.

Aliendelea kushuka. Wivu ulimpanda, na bado hakuweza kuacha.

*Nimekisoma chote kwenye boti. Nimelowa mimi, kitabu kizima. M.*

*Sehemu yako ya nne imeninyamazisha. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili polepole. M.*

*Huyu ni Profesa wetu. Maneno mia tatu kusema omena ikinyeshewa inaoza. M.*

Profesa wao alikuwa Monari, msimamizi wa utafiti, ambaye jina lake lilikuwa la tatu kwenye makala na ambaye wiki hiyo hiyo alitarajiwa kumwandikia Emmaculate barua ya kumpendekeza kwa chuo. Siku nyingine Cephas angecheka. Profesa Monari alikuwa mtu wa maneno mengi hata akikusalimu.

Kwenye kitabu cha thelathini na mbili ndipo alipolipata bano.

*Siku ile Remba, ulipocheka mpaka ukakaa chini juu ya nyavu za omena, nilijua {*

Basi. Hapakuwa na kitu kingine. Bano limefunguka, halikufungwa, na sentensi imekufa hapo hapo. Pengine mtandao ulikatika, pengine boti liliitwa, pengine mkono ulisita. Kila kitabu kilichofuata kilikuwa kimemezwa na lile neno *nilijua*.

Cephas alilitazama kwa muda mrefu. Alijua nini, mshenzi huyu? Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho Emmaculate alipocheka mbele yake mpaka akakaa chini. Alikumbuka kicheko cha arusi ya dada yake, na hiyo ilikuwa kabla Cate hajaanza shule. Sasa Cate yuko kidato cha pili, analala bwenini.

Alipandisha mkono, akabonyeza kitufe, akalifunga bano la mwanamume mwingine. Alama sitini na tatu za kuuliza zikatoweka kwa pamoja. Majina yakajipanga, miaka ikakaa mahali pake, makala ikapendeza. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Kilichobaki ni kumtumia mwenyewe, na mtu mwenye akili zake angemtumia.

Abdishakur alipanda kuuliza kama stima iliyokatika juu imerudi, akasimama mlangoni akimtazama.

"Fundi, leo umekunja uso hivi. Ni kompyuta ama ni nyumbani?"

"Ni kompyuta."

"Hiyo kompyuta ina mdomo," Abdishakur akasema, akashuka zake.

Alipobaki peke yake Cephas aliandika mistari mitatu. Ilikuwa amri ndogo kwa programu, kwamba safari hii isiruke madokezo, iyachape yote, kila moja chini ya kitabu chake. Alijiambia anataka kuyasoma yakiwa yamepangwa vizuri, macho yasimuume. Ukweli ni kwamba alitaka kuyaona yamevuliwa nguo. Orodha ya marejeo ikavimba kutoka kurasa nne hadi kumi na moja. Akazisoma kwa saa nzima, kidole kikitembea kwenye kioo, akitafuta herufi M mwisho wa dokezo. Za E alizipita. Za E alidhani anazijua. Alikuwa analala na mwenye nazo.

Hakupata alichokuwa akitafuta. Hapakuwa na neno la kitandani hata moja. Palikuwa na mzaha, na omena, na mvua, na mwanamume anayemwambia mwanamke kwamba hapa umekosea, hapa umepatia, hapa sikukuelewa nieleze tena. Na hilo lilimuuma zaidi. Angekuta mapenzi ya wizi angejua la kufanya: angepiga meza, angeita wazee wa pande mbili. Lakini utamshtaki vipi mtu kwa kumsoma mkeo mara mbili, ya pili polepole?

Wazo likamjia, na mimi silifichi. Arudishe lile bano lilivyokuwa. Aseme imeshindikana. Saa kumi na moja ipite, Migori ipite, Omosa apite, na Mama Cate abaki Homa Bay akisahihisha mitihani ya sekondari, karibu na macho yake. Alikaa na wazo hilo mpaka likaanza kuonekana kama la busara.

Saa kumi na robo simu ikaita.

"Baba Cate, imeweza?" Sauti ya Emmaculate ilikuwa ya mtu aliyezuia pumzi. "Tafadhali niambie imeweza."

Nyuma yake sauti ya kiume, ya chini, ikauliza, "Anasemaje?"

"Uko na nani?" Cephas akauliza.

"Niko kwa ofisi ya Omosa, si ndiko kuna mtandao. Imeweza ama haijaweza?"

"Imeweza," akasema. "Natuma saa hii."

Mafaili yalikuwa mawili, yamelala jirani. Moja liliitwa *makala mwisho*, jingine *makala mwisho 2*. Moja lilikuwa na kurasa ishirini na mbili, jingine ishirini na tisa. Mpaka leo Cephas anaapa kwamba kidole kiliteleza, kwamba alikuwa na hasira na macho yamechoka. Mimi namjua mtu huyo tangu zamani, na sijawahi kuona kidole chake kikiteleza. Alituma lile la ishirini na tisa.

Emmaculate hakulifungua. Kwa nini angelifungua? Kwa miaka yote kitu kilichopita mikononi mwa Cephas kilikuwa salama. Alilipandisha kwenye tovuti saa kumi na dakika ishirini na tano, na tovuti, kama ilivyo kawaida yake, ikatuma nakala moja kwa kila mwandishi: Emmaculate, Omosa, na Profesa Monari.

Dakika kumi baadaye simu iliita tena.

"Baba Cate." Hakukuwa na pumzi iliyozuiwa safari hii. "Fungua ukurasa wa ishirini na moja."

"Mama Cate, hiyo ni makosa ya—"

"Sijauliza ni makosa ya nini. Tuma ile safi. Saa hii."

Akatuma. Saa kumi na dakika hamsini na mbili tovuti ilikubali nakala mpya badala ya ile ya kwanza, na kwa upande wa jarida mambo yakaisha vizuri. Lakini barua pepe ya Profesa Monari haikuweza kurudishwa. Ilikuwa imeshafika, na Profesa, ambaye kwa kawaida hukaa siku tatu bila kufungua kitu, siku hiyo alikuwa amekaa mbele ya mashine yake akiisubiri makala kwa hamu.

Emmaculate alifika nyumbani jua likiwa bado juu kidogo ya maji. Cephas alikuwa amepika ugali na sukuma, amefagia hadi uani. Mke akavua viatu, akakaa, akanywa maji. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Monari amenipigia," akasema. "Dakika moja tu. Kwa mara ya kwanza nimemsikia akiongea dakika moja. Amesema nitafute mtu mwingine wa kuniandikia barua, mtu ambaye kazi yake haijanichosha."

"Pole," Cephas akasema.

"Omosa ataandika. Amekubali."

"Kwa hivyo sasa ni Omosa."

"Ni wewe umemfanya awe Omosa." Akaweka bilauri chini. "Haya, uliza. Uliza ile kitu unataka kuuliza tangu mchana."

Cephas alitazama mikono yake. Aibu na wivu vilikuwa vikisukumana ndani yake, na wivu ndio uliotangulia kutoka. "Siku ile ya Remba. Alijua nini?"

"Sijui," Emmaculate akasema. "Hajamaliza hiyo sentensi, na mimi sijamwambia amalize."

"Anakupenda huyo mtu."

"Pengine. Sitakudanganya, pengine. Lakini hakuna kitu amenishika, na hakuna mahali tumeenda. Na zangu je? Uliziona?"

"Zako zipi?"

"Zangu. Zenye E."

Emmaculate alimtazama, na hasira iliyokuwa usoni pake ikaondoka, ikaja kitu kibaya zaidi, kama uchovu.

"Aki wewe," akasema polepole. "Hata siku ya kunifuata kama polisi, umesoma mwanaume tu."

Akainuka, akachukua simu yake, akatoka uani.

Cephas alifungua kompyuta pale pale mezani, sahani zikiwa hazijaguswa. Akaanza juu kabisa, safari hii akitafuta E. Zilikuwa nyingi kuliko za Omosa. Zilikuwa za mtu mchokozi, mwenye maneno makali na mafupi, mtu ambaye humwambia mhadhiri mzima kwamba takwimu zako zimelala njaa. Alicheka mara moja bila kukusudia. Kisha, chini ya kitabu cha kumi na tisa, Omosa alikuwa ameuliza kama si vizuri mtu wa nje asome rasimu kabla ya kuituma, pengine mumewe, si anaelewa mambo haya? Na chini yake:

*Usimpe C. Nimempa rasimu sita. Amerekebisha mabano zote sita, hakuna hata siku moja ameniuliza omena inakuwaje. Nimeacha. E.*

Alilisoma mara mbili, na mara ya pili polepole.

Ilikuwa kweli. Rasimu sita zilipita mikononi mwake na angeweza kukutajia kila koma iliyokosekana ndani yake. Omena alizijua kwa nukta na mabano. Ungemuuliza mkewe alikuwa amegundua nini katika miaka miwili ya kulowa mvua ziwani, angekutolea macho.

Alirudi ukurasa wa kwanza wa makala. Akasoma. Alipoona koma iliyokaa vibaya mkono wake ulisogea, akaurudisha. Ukurasa wa pili ulikuwa juu ya mwanamke mmoja wa Remba ambaye hunusa upepo alfajiri kabla ya kumwaga omena juu ya nyavu, na Emmaculate alikuwa amemfuata mwanamke huyo siku arobaini akiandika ni mara ngapi pua yake ilikosea. Ilikuwa mara mbili. Cephas akajikuta ameinama karibu na kioo. Ukurasa wa tatu ulisema wanawake hao wana jina la upepo unaoozesha samaki, na kwamba hawautaji mbele ya wageni. Haukulitaja jina lenyewe. Akataka kulijua. Alitaka kweli, na alitaka aambiwe na mkewe.

"Mama Cate!" akaita. Halafu, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kwa miaka, "Nyar Migori!"

Hakujibiwa. Akainuka na kompyuta mikononi, akaenda mpaka mlangoni. Emmaculate alikuwa amempa mgongo, amekaa kwenye ngazi, simu sikioni, akimsimulia mtu jinsi Profesa alivyoshindwa kupata maneno, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. Cephas akasimama pale na swali lake, akasubiri amalize.